Kisu au Leza: Kope Zinazozeeka Usukumani

 

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo zamani nisingetegemea kuulizwa Shinyanga: kope zikilegea kwa umri, mtu apasuliwe kwa kisu au atibiwe kwa leza? Siku hizi naulizwa mara kwa mara. Huulizwa na akina mama wa Kahama na Katoro, wenye maduka na wenye makarasha ya kusagia mawe, wanawake walioipata fedha ya dhahabu kwa kuamka alfajiri na kulala usiku wa manane. Ni swali halali, na anayeliuliza hastahili kuchekwa. Nitalijibu. Ila niruhusuni nianzie kwenye benchi la kliniki, maana jibu langu lilibadilika pale.

Alikuja mama wa miaka hamsini na kitu, mfanyabiashara. Alinionyesha picha mbili kwenye simu, za mwanamke yuleyule kabla na baada ya matibabu. Akasema, "Daktari, mimi nataka hii ya mwanga. Kisu machoni sikitaki." Nilimchunguza kama nusu saa. Nilimpima kuona, nikapima kope, nikamweleza. Nilipoinuka kumsindikiza mlangoni ndipo nilipomwona mama yake mzazi, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi muda wote huo, ameshika pindo la khanga, anajifuta, anafumba jicho, anajifuta tena. Nikamwamkia, nikamuuliza macho yana nini. Akanijibu, "Ya uzee tu haya, mwanangu." Kisha akafungua fundo la khanga. Mlikuwa na shilingi zake, dawa ya kichwa, na kibanio kidogo cha chuma kilichong'aa kwa kushikwa. Mjukuu wake, alisema, humng'oa nywele za kope kila Jumapili baada ya ibada, kwa sababu yeye mwenyewe hazioni tena kwenye kioo.

Nilimkalisha karibu na dirisha nikainua kope ya kulia kwa kidole gumba. Nywele tano zilikuwa zimegeukia ndani, fupi na ngumu kama mashina ya mtama yaliyokatwa, zikisugua kioo cha jicho. Mtu hupepesa macho mara kumi na tano hivi kwa dakika. Fanyeni hesabu ya siku moja, kisha ya mwaka. Kwenye kioo cha jicho palikuwa na doa jeupe lililoanza kusogea kuelekea mboni. Nusu saa nzima nilishughulika na ngozi ya binti, na mama anayepofuka alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. Hakuwa na kadi, kwa hiyo sikumtazama. Kosa hilo ni langu, na ndilo lililonifanya niukubali mwaliko huu.

Hivyo leo tunazungumza habari za watu wawili, mama na binti. Kwa kuwa swali lilikuwa la binti, tuanze naye.

Kope si kipande cha ngozi tu. Mbele kabisa pana ngozi, iliyo nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, chini ya milimita 1. Nyuma yake pana msuli wa mviringo unaofumba jicho. Ndani zaidi, katika kope ya juu, pana msuli mwingine unaonyanyua, ambao mshipa wake umeshikizwa kwenye kipande kigumu mithili ya gegedu. Hicho ndicho kinachoipa kope umbo. Kwa nyuma kabisa pana utando laini unaogusa jicho. Katikati ya tabaka hizo yamehifadhiwa mafuta, kama pamba ya kuzuia mtikisiko. Umri haulegezi tabaka zote kwa mkupuo mmoja. Kwa mmoja ngozi hutangulia kulegea, kwa mwingine mshipa wa kunyanyulia, kwa wa tatu mafuta hujitokeza na kuwa vifuko chini ya macho. Na kwa wengi, kinachoshuka hasa ni paji la uso na nyusi, zikaisukuma kope chini huku kope yenyewe ni nzima.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kisu au leza, nami humuuliza: tabaka gani? Chukueni kioo leo jioni mkifika nyumbani. Tazama mbele, uso umetulia, usikunje paji. Ukingo wa kope ya juu kwa kawaida hufunika milimita 1 au 2 tu za sehemu nyeusi ya jicho. Ukiona ukingo wenyewe umeshuka karibu na mboni, tatizo ni msuli au mshipa wake. Ukiona ukingo uko mahali pake, ila ngozi imeanguka juu yake kama pazia lililozidi urefu wa dirisha, hiyo ni ngozi. Sasa nyanyua nyusi kwa vidole. Pazia likipotea, ujue nyusi zimeshuka. Kwa kope ya chini, ivute ngozi taratibu mbali na jicho kisha iachie. Ikirudi mara moja, bado ina nguvu. Ikikawia, au ikingoja upepese ndipo irudi, imelegea, na hapo kuondoa ngozi bila kuikaza kope kutaiacha imebinukia nje, machozi yakitiririka mashavuni mchana kutwa.

Sasa leza. Neno hili limewachanganya wengi kwa sababu linabeba kazi mbili zisizofanana.

Kazi ya kwanza ni kukata. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Marekani, na mwaka 1964 Kumar Patel, mhandisi aliyezaliwa India, akaunda leza ya hewa ya kaboni dayoksaidi. Mwanga wake hunyonywa na maji, na kwa kuwa nyama ya mwili imejaa maji, unapoigusa huigeuza mvuke papo hapo na kuziba vimishipa vidogo vya damu njiani. Tangu miaka ya 1980 madaktari wameutumia kukata ngozi ya kope badala ya wembe. Faida ipo: damu hutoka kidogo, na siku za kwanza uvimbe na uvilio wa damu huwa nafuu. Baada ya wiki kadhaa, ukiwaweka pamoja aliyekatwa kwa kisu na aliyekatwa kwa leza na fundi stadi kila mmoja, ni vigumu kusema nani ni nani. Kwa hiyo mama anayesema "sitaki kisu, nataka leza" kumbe huenda anaomba kisu cha mwanga. Atachanjwa vilevile, atatolewa ngozi vilevile, na atashonwa kwa uzi uleule.

Kazi ya pili ni kulainisha uso wa ngozi. Hapa hapakatwi kitu. Leza huunguza tabaka la juu kabisa kwa kipimo, ngozi ikajijenga upya ikiwa imekaza kidogo, na mikunjo midogo ikapungua. Mwaka 2004 ilitolewa njia ya kuitoboa ngozi vitundu vidogo sana na kuacha ngozi nzima katikati, kusudi kupona kuwe kwepesi. Njia hii husaidia mikunjo laini ya kope ya chini. Haiwezi kuondoa pazia la ngozi lililoning'inia, haigusi mafuta, na haiwezi kabisa kunyanyua kope ambayo msuli wake umechoka. Anayewaahidi hayo kwa leza ya kulainisha anawauzia jembe akiliita shoka.

Na hapa lazima nizungumze nanyi kama watu weusi. Picha nyingi mnazoziona kwenye simu ni za ngozi nyeupe. Ngozi yetu ina rangi nyingi zaidi, na chembe zinazotengeneza rangi hiyo hushtuka upesi zikipatwa na joto. Ukiiunguza, hata kwa kipimo, inaweza kujibu kwa kutoa weusi wa ziada, ukabaki na duara jeusi kuzunguka macho kwa miezi mingi. Ikiunguzwa kupita kiasi, rangi hupotea na kuacha baka jeupe ambalo huenda lisirudi. Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani alianza kupanga ngozi kwa madaraja kufuatana na jinsi inavyopokea jua, na leo madaraja ni 6. Wengi wetu tuko la 5 na la 6. Daktari wa leza asiyekutazama ngozi kwanza, na kukuuliza kama ukijikwaruza unabaki na weusi, huyo mwage. Anayefanya hayo, mkikubaliana, muombe ajaribu mahali padogo penye kificho, mngoje wiki kadhaa, ndipo aende usoni.

Kisu, kwa ngozi yetu, kina upole ambao watu hawautarajii. Kovu la kope ya juu hukaa ndani ya mkunjo wa asili, ukifumbua jicho halionekani, na kope ni mojawapo ya sehemu ambazo makovu yanayofura na kuota ni nadra, hata kwa mtu ambaye kifua chake au masikio yake huyaotesha. Kwa hiyo kwa mama mweusi mwenye ngozi iliyoning'inia kope ya juu, mimi sisiti: kisu ndicho kwanza. Leza ya kulainisha naiweka mwisho, kwa mikunjo ya kope ya chini, kwa mtu aliyejaribiwa, na mikononi mwa daktari anayetibu ngozi nyeusi kila siku.

Lipo jambo jingine linalofichwa chumbani. Binti yule nilimuuliza taratibu kama hutumia mkorogo. Akanyamaza, kisha akakubali. Mikorogo mingi ina dawa za jamii ya steroidi, ambazo huinyausha ngozi ya kope, iliyo nyembamba tangu mwanzo, na zikiingia jichoni kwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mingine ina zebaki. Huku kwetu zebaki tunaijua kwa jina na kwa mvuke wake, maana wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa dhahabu kisha huichoma kwenye kikaango, mara nyingi nyuani mwa nyumba, watoto wakicheza pembeni. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake. Mwanamke anayevuta mvuke wa zebaki mchana kwenye mwalo na kuipaka usoni usiku anaipata kwa milango miwili. Ngozi iliyozoea mkorogo ikipelekwa kwenye leza ni sawa na kuwasha moto kwenye nyasi kavu. Acha kwanza, ngozi ipumzike kwa miezi, kisha tuzungumze.

Mzozo wa kisu na moto si mpya. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki 1013, alieleza katika kitabu chake kikubwa namna ya kutibu kope iliyogeukia ndani kwa chuma cha moto, na pia namna ya kuitibu kwa kuikata na kuishona. Alichora vyombo vyake kwa mkono. Miaka 1,000 baadaye sisi tunabishania jambo lilelile tukiwa na chuma cha moto kilichotengenezwa kwa mwanga.

Hatari za upasuaji wa kope si nyingi, lakini mzijue kwa majina yake. Ya kwanza ni kuondoa ngozi kupita kiasi. Jicho likashindwa kufumba, mtu akalala macho yako nusu wazi, kioo cha jicho kikakauka. Wapasuaji wana kipimo cha zamani: kutoka ukingo wa kope hadi chini ya nyusi ibaki ngozi ya milimita 20 hivi. Kumbuka ngozi iliyoachwa inaweza kutolewa kesho, ila iliyotolewa hairudi. Ya pili ni nadra lakini ndiyo inayonikosesha usingizi: damu kuvuja nyuma ya jicho. Hutokea kwa mtu kama 1 katika 2,000, na wengi kati yao huokolewa wakiwahiwa. Dalili zake ni maumivu makali yanayoongezeka, jicho kutokeza, na kuona kufifia. Hapo nyuzi hufunguliwa palepale, bila kungoja kesho. Kwa hiyo usifanyiwe Dar es Salaam jioni ukapanda basi la Kahama alfajiri. Lala siku mbili tatu karibu na aliyekupasua. Mwambie kabla kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, kama una shinikizo la damu, na kama unakunywa dawa za miti shamba, hata zile unazodhani hazimhusu.

Ipo kope isiyostahili kisu wala leza mpaka mambo mengine yajulikane. Kope iliyoshuka ghafla upande mmoja, pamoja na kuumwa kichwa au kuona vitu viwili viwili, ni dharura ya hospitali, leo hii. Kope inayokuwa nzuri asubuhi na kushuka jioni inaweza kuwa ugonjwa wa misuli unaotibiwa kwa vidonge. Na kinyama au kidonda kwenye kope kisichopona kwa wiki kadhaa kisichomwe kwa leza na mtu yeyote, kwa sababu leza hugeuza ushahidi kuwa moshi. Kikatwe, kipelekwe maabara, tujue ni nini. Nasema hili hasa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino wa Kanda hii ya Ziwa, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na kope ni sehemu ambayo kofia na mafuta ya kujikinga husahau.

Binti alipatiwa nini? Kope zake zote mbili zilikuwa pazia la ngozi. Msuli ulikuwa mzima. Alipotazama mbele, ngozi ilimkata sehemu ya juu ya anachokiona, ndiyo maana jioni kichwa humuuma, kwa kuwa mchana kutwa hukunja paji ili aone. Hilo si urembo tena, ni kuona, na daktari anapaswa kuliandika hivyo, kwa sababu bima kwa kawaida hailipii urembo lakini huweza kusikiliza hoja ya kuona. Nilimwandikia rufaa Bugando, Mwanza. Aliniuliza, "Kwa hiyo ni kisu?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, ni kisu. Dakika arobaini, kwa ganzi, ukiwa macho unaongea."

Sasa mama yake.

Bibi yule hakukulia Usukumani. Alikulia upande wa Singida, akaolewa huku. Mikoa ile ya kati, na Kongwa hasa, ndiyo iliyosomwa sana na watafiti wa ugonjwa wa vikope, ambao vitabuni huitwa trakoma. Profesa Sheila West na wenzake wamefanya kazi Kongwa tangu miaka ya 1980, na walionyesha jambo ambalo bibi zetu wangelielewa bila profesa: uso wa mtoto ukioshwa, tongotongo zikaondolewa, nzi hakosi chakula tu, anakosa na njia ya kupeleka ugonjwa. Mtoto huambukizwa mara nyingi akiwa mdogo. Kila ambukizo huacha kovu dogo ndani ya kope. Makovu huvuta, kama ngozi ya ngoma inavyovutwa ikikauka, mpaka miaka 30 au 40 baadaye ukingo wa kope unapinduka na nywele zinaelekea ndani. Wanawake huugua zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaolala na wachanga na kuwafuta nyuso kwa khanga ileile.

Kwa mgonjwa huyu pia lipo swali la kuchagua, na ni gumu kuliko la binti. Kung'oa kwa kibanio au kupasua? Na leza ipo pia: kuna leza inayoweza kuunguza shina la unywele mmoja mmoja, katika vikao kadhaa, palipo na mashine na umeme usiokatika. Sitaizungumzia sana, kwa sababu bibi wa kijijini hana vikao kadhaa vya kwenda mjini.

Huko Ethiopia, kwenye wagonjwa wengi wa aina hii, ilifanyika kazi ya maana. Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio la watu 1,300 waliokuwa na nywele chini ya 6 zinazogusa jicho. Nusu walipasuliwa, nusu walifundishwa kung'oa, wakapewa vibanio vizuri, na msaidizi wa nyumbani mwenye macho mazuri akaonyeshwa kazi. Baada ya miaka miwili, kuona kwao hakukutofautiana sana, ingawa waliopasuliwa walikuwa na nywele chache zilizorudi. Kwa hiyo mjukuu yule na kibanio chake cha Jumapili hakuwa akifanya ujinga. Alikuwa akimwokoa bibi yake jicho kwa njia ambayo watafiti waliithibitisha. Ila kibanio kikiwa butu hukata unywele badala ya kuung'oa, na kisiki kinachobaki ni kikali kuliko unywele mzima. Nilikiona kibanio cha bibi. Ncha zake hazikukutana tena.

Na zaidi ya hapo, doa lilikuwa limeanza. Penye doa sisubiri. Upasuaji huu hufanywa kwa ganzi, na hapa Tanzania hufanywa hata na wauguzi waliofunzwa, kwenye vituo vya afya na kambi za macho. Kope hukatwa milimita chache juu ya ukingo, ukingo hugeuzwa nje, hushonwa ukiwa umegeuka, na baada ya siku kumi hivi nyuzi hutolewa. Namna ya kukata ina maana: jaribio jingine la Ethiopia, lililotolewa 2016, lilionyesha kwamba kukata kwa nyuma ya kope tu kulirudisha ugonjwa kwa asilimia 13 ya wagonjwa katika mwaka mmoja, wakati kukata kope nzima kulirudisha kwa asilimia 22. Mgonjwa ana haki ya kuuliza anakatwa kwa namna ipi. Ana haki pia ya kuambiwa kwamba inaweza kurudi, ili ikirudi asidhani amelogwa.

Nimelitaja neno hilo kwa makusudi.

Wazee wetu mliomo humu mnajua ninakoelekea. Macho ya bibi yule yalikuwa mekundu. Si kwa nywele tu. Alipika maisha yake yote kwenye jiko lisilo na dirisha, na kwa miaka mingi kuni hazikuwepo. Shinyanga ilikatwa miti kwa kuwafukuza mbung'o. Idara ya utafiti wa mbung'o ya wakoloni ilikuwa na makao yake hapahapa Shinyanga ya Kale tangu 1930. Ikakatwa kwa pamba, kwa mifugo na kwa makaa. Mwanamke aliyekosa mti akapika kwa mabua, kwa vijiti vya pamba, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wa kinyesi unachoma jicho, unalitia wekundu usiopotea. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tunaouita HASHI, ukafufua ngitili, hifadhi zetu za malisho, na vijiji vikapata tena kuni na nyasi. Wekundu katika macho ya walioanza kupika kabla ya hapo ulibaki.

Kisha watu wakausoma wekundu huo kama maandishi. Kwa miongo mingi, katika mikoa hii, bibi mwenye macho mekundu ameitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa mapanga usiku, wengi kwa amri iliyoanzia kwa mpiga ramli na kuungwa mkono na jamaa wa nyumbani. Mchumi Edward Miguel alifanya utafiti Meatu, wakati huo ikiwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na katika makala yake ya 2005 alionyesha kwamba mvua ikizidi mno au ikikosekana, mauaji ya wanaoitwa wachawi huongezeka maradufu, na karibu wote ni wanawake wazee. Njaa inaingia nyumbani, na mdomo wa bibi unahesabiwa. Wekundu wa jicho hutafutwa baadaye, kama sababu. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, na mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Sheria haifuti moshi machoni.

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi vinavyojadili kope na uzee, na vingi huanza na kioo cha kujitazamia. Nimefanya kazi mahali ambapo jirani ndiye anayelitazama jicho la bibi, na anachokiona kinaweza kumgharimu bibi uhai. Kwa hiyo mkinisikia nikisema upasuaji wa vikope na jiko lenye bomba la kutolea moshi ni matibabu ya kope za uzee Usukumani, na kwamba vinatangulia leza yoyote ya Dar es Salaam, sidharau haja ya binti. Yeye mwenyewe alilielewa hili kabla yangu. Tulipomaliza na mama yake, aliirudisha simu mkobani, akauliza, "Daktari, mama afanyiwe lini?" Hakuuliza tena habari zake mpaka siku nyuzi za mama yake zilipotolewa.

Bibi hakulipa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inampa mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza haki ya kutibiwa bila malipo, na ofisi ya mtendaji wa kijiji inapaswa kumtambua. Mnaomjua mzee asiye na kitambulisho hicho, mpelekeni ofisini wiki hii. Baada ya siku kumi nilimtoa nyuzi. Macho yalikuwa bado mekundu kidogo, doa bado lipo, halitaondoka, lakini halisogei. Alipepesa mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Akaniuliza kama kibanio akitupe. Nilimwambia akitunze. Nilimpa kipya.

Nimeleta tochi mbili na kioo cha kukuzia. Wenye simu za picha, nitawaona mwishoni, na nitajibu kila swali la leza. Kwanza nawaomba wazee waliokaa upande ule wa dirisha wasiondoke. Bibi mwenye kitenge cha kijani, nimekuona ukijifuta tangu nilipoanza. Karibu hapa mbele, kwenye mwanga.